Fuwele Arobaini na Moja

Katika miaka yake ishirini na miwili ya kazi Inspekta alikuwa ameshatafuta ng'ombe, pikipiki, mabati ya shule, na mara moja bibi harusi. Vyote hivyo vilikuwa na faida moja: ukivikuta, unavijua. Jumanne hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, alisimama katika chumba kidogo cha maabara ya chuo, sare imepigwa pasi, mkoba begani, akielezwa kwamba vilivyoibwa ni vitu arobaini na moja, kwamba vyote pamoja vinatosha juu ya ukucha wa kidole cha mwisho, na kwamba taifa zima linavisubiri.

"Vinaitwaje tena, Profesa?"

"Fuwele. Fuwele za protini."

Nyuma yake Koplo, mtu mzima aliyebakiza miezi saba kustaafu na asiyetaka kesi ngumu ndani ya miezi hiyo, aliandika neno hilo, akalitazama, akalikata, akaandika "vitu".

Profesa alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea vipaza sauti. Alitembea hatua tatu, akafika ukutani, akageuka. Chumba hakikuruhusu hatua ya nne.

"Ijumaa nimetangaza mbele ya Waziri. Televisheni ilikuwepo. Nimeondoka hapa Alhamisi asubuhi, fuwele zipo. Nimerudi jana usiku. Leo naweka sahani kwenye hadubini, patupu. Zimezolewa zote. Na kabati hili lina funguo mbili tu, Afande. Moja yangu. Nyingine yake."

"Yake" ilikuwa ya mwanamke wa makamo aliyesimama karibu na sinki, koti jeupe, mikono kaikunja kifuani. Ndiye fundi wa maabara. Pale chuoni wote walimwita Bi Sindano, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuchukua mabomba mawili ya sindano, moja la protini na moja la mafuta, kuyaunganisha midomo, na kusukuma huku na huku mpaka yachanganyike. Alikuwa anatazama sakafu kama anayesoma.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Profesa. "Barua ya Mkurugenzi wa chuo iko tayari. Saa kumi alasiri inatiwa saini. Anafukuzwa bila kiinua mgongo, na nyinyi mnaondoka naye. Lakini tukae kwanza. Tufikiri vizuri."

Akaingiza mkono nyuma ya mafaili bila kutazama, akatoa rimoti, akabonyeza huku anaendelea kuongea. Kiyoyozi kikalia pi, pi, pi, kisha kikaanza kunguruma. Inspekta, kwa mazoea ya kazi, alihesabu milio. Ilikuwa sita. Profesa akairudisha rimoti nyuma ya mafaili na kuketi kwenye kiti kimoja tu chenye mto. Wengine walibaki wamesimama.

"Mtu akiviiba anavifanyia nini?" Inspekta aliuliza. "Havivaliki, haviliki."

"Anajipatia jina, Afande. Yuko Daktari wa ghorofa ya pili. Anafukuzia protini hii hii. Angetoa jicho moja apate hizo fuwele. Mtu amemuuzia."

Simu yake ikaita, akaitazama, akasimama wima. "Ni Wizara," alisema, akatoka akiwa ameshaanza kucheka kicheko cha heshima.

Inspekta akamgeukia Bi Sindano. "Dada, mimi darasani nilikaa nyuma. Nieleze kama unamweleza shangazi yako. Hiki kitu ni nini?"

Bi Sindano alimtazama kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, mikono ikakunjuka.

"Kila chembe ya mwili ina ngozi yake, Afande, na ngozi hiyo ni mafuta. Ndani ya mafuta kuna milango. Hiyo milango ndiyo protini. Dawa nyingi tunazomeza zinakwenda kubisha hodi hapo. Ukijua mlango umeumbwaje, unatengeneza dawa inayofungua. Shida ni kwamba ukiung'oa kwenye mafuta, unajikunja, unaharibika. Kwa hiyo tunautilia mafuta mengine tuliyotengeneza, mazito kama ya kupaka, ukae humo ukidhani uko kwao. Siku ya bahati milango inajipanga yenyewe, safu kwa safu, inakuwa fuwele. Hiyo unaipeleka kwenye mionzi, unapata umbo."

"Na bahati hiyo mmeisubiri muda gani?"

"Miaka sita." Alisema hivyo bila manung'uniko, kama mtu anayetaja umri wa mtoto.

"Sawa. Daftari la getini linasema Jumapili saa nne uliingia humu, ukatoka baada ya dakika kumi. Chuo kimefungwa, Profesa hayupo. Ulifuata nini?"

Mikono ikarudi kifuani. "Kutazama sahani."

"Ukaona nini?"

"Sina la kusema, Afande."

Jibu hilo halikumpendeza Inspekta hata kidogo. Wezi aliowajua yeye walikuwa na mengi ya kusema; wengine mpaka uwaombe wapumzike. Aliyenyamaza mara nyingi alikuwa anamficha mtu, au anamwogopa.

Alimwekea Koplo kiti mbele ya kabati, akampa funguo zote mbili na mkoba wake amshikie. "Kabati hili lisifunguliwe. Asilisogelee mtu, hata akija Waziri mwenyewe. Bi Sindano, wewe utakaa ofisi ya pili, mlango wazi."

"Afande," alisema Koplo, akitazama juu kwenye kiyoyozi, "kule kituoni sweta langu liko nyuma ya mlango."

"Jikaze, Koplo."

Mlinzi wa getini alikuwa mzee mwembamba aliyeliheshimu daftari lake kuliko vitabu vyote vya chuo. Inspekta alimkuta ameshalifungua ukurasa wa jana, kidole juu ya mstari.

"Huyu hapa, mama. Daktari wa ghorofa ya pili. Jumatatu saa tatu, sanduku la barafu. Nikamuuliza, Daktari, umebeba nini? Akasema mafuta. Nikamwambia, mafuta gani yanayobebwa kwenye barafu? Akasema, mzee, ni siri ya kazi. Nikaandika: mafuta, siri."

"Na leo sanduku liko wapi?"

"Liko juu. Halijatoka. Lingetoka ningeandika."

Walipanda pamoja, Mlinzi mbele, kofia ameinyoosha, maana tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumhitaji kwa jambo kubwa kuliko taa iliyoungua. Daktari wa ghorofa ya pili alikuwa amevaa aproni ya mpira na glavu ndefu. Alikuwa mrefu, mkavu, mchangamfu kupita kiasi kwa mtu aliyetembelewa na polisi. Sanduku lilikuwa chini ya meza.

"Fungueni, fungueni," alisema. "Ila polepole."

Mlinzi aliinama, akafunua kifuniko, kisha akakirudisha taratibu kama mtu aliyefungua bafu akamkuta mkwewe. Akasimama, akasogea nyuma ya Inspekta.

"Afande. Humu kuna mtu."

"Kuna ng'ombe," alisema Daktari. "Ubongo wa ng'ombe, vipande vinne, kutoka machinjioni. Nakamua mafuta yake. Ubongo ukiukausha, zaidi ya nusu ni mafuta, mlikuwa mnajua? Wa ng'ombe, wangu, wako. Wa Profesa sijaupima."

Inspekta alijihakikishia mwenyewe, kwa jicho moja, na kuamua kwamba mchana huo hatakula nyama. "Profesa anasema ungetoa jicho upate fuwele zake."

Daktari akacheka mpaka glavu zikatoa sauti. "Nizifanyie nini? Wiki mbili nzima nimekuwa nikimwomba kitu kimoja tu: aniletee picha ya mstari wa mwisho. Hataki. Anasema nina wivu. Wivu ninao, lakini picha pia naitaka."

"Mstari wa mwisho wa nini?"

"Wa sahani. Sahani ina visima vidogo, mistari minane. Mistari saba unaweka mafuta yenye protini. Wa nane unaweka mafuta na maji basi. Hakuna protini hata tone. Huo ndio shahidi wako, Afande. Kitu kikitokea kwenye mistari saba na kwa shahidi kikatokea, ujue si protini. Muulize kama amewahi kumsikiliza shahidi wake."

Inspekta aliandika mwenyewe, kwa kuwa Koplo hakuwepo. Walipokuwa wakishuka ngazi alimgeukia Mlinzi.

"Mzee wangu, kile chumba cha kabati, siku za kawaida nani huingia?"

"Bi Sindano asubuhi. Profesa mchana, saa saba mpaka saa tisa. Kila siku ya Mungu, isipokuwa akisafiri."

"Anafanya nini saa mbili nzima?"

"Anatafakari."

"Umejuaje kama anatafakari?"

Mlinzi alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa heshima, na Profesa alikuwa mkubwa wake. "Anatafakari kwa sauti, mama. Kuna siku inasikika mpaka getini."

Saa sita ilikuwa imepita Inspekta alipofungua mlango wa kile chumba, na baridi ikampiga usoni. Koplo alikuwa ameketi pale pale mbele ya kabati, mabega yamegusa masikio, mikono miwili ameiingiza ndani ya mkoba wa Inspekta.

"Samahani, Afande. Kuna kitambaa humo. Kilikuwa na vuguvugu."

"Nipe mafuta yangu ya kujipaka, mikono imekauka."

Koplo akatoa kichupa cha mafuta ya nazi. Inspekta akakiinamisha juu ya kiganja. Hayakutoka. Akakigonga. Hayakutoka. Akakinyanyua kwenye mwanga. Asubuhi, nyumbani, alijipaka mafuta hayo yakitiririka mpaka kwenye kiwiko. Sasa yalikuwa meupe, magumu, yametulia kama yaliyozaliwa hivyo.

"Yameganda," alisema.

"Hata mimi, Afande."

Inspekta hakumsikia. Alikuwa anatazama kichupa, kisha kiyoyozi, kisha karatasi iliyobandikwa ukutani kwa mwandiko wa kike, wino mwekundu: NYUZI 22. ISIBADILISHWE. Akakumbuka milio sita. Akachungulia ofisi ya pili. "Dada, njoo mara moja. Yale mafuta mnayouwekea mlango, yanaganda?"

Bi Sindano alisimama mlangoni. Akakiona kichupa mkononi mwa Inspekta, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia nyayo za mgeni ambaye alishakata tamaa ya kumwona.

"Yanaganda," alisema polepole.

"Kwenye nyuzi ngapi?"

"Chini ya kumi na nane."

"Koplo, rimoti iko nyuma ya mafaili. Inasemaje?"

Koplo akaitoa na kuisogeza mbali na macho, kwa kuwa miwani nayo ilikuwa kituoni. "Kumi na sita."

Profesa aliitwa. Alikuja akifuta midomo, maana alikuwa ametoka mezani, na macho yake yalikuwa yameshaanza ule uzito wa saa saba. Inspekta akamwambia Koplo afungue kabati. Ufunguo ulitafuta tundu mara tatu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Bi Sindano akaiweka sahani chini ya hadubini, akazungusha gurudumu dogo, akatazama, akasogea pembeni.

"Tazama wewe, Afande."

Inspekta akainama. Ndani ya duara la mwanga vijiti vilimetameta, vyembamba, vyenye ncha, vimelala huku na huku. Vilikuwa vizuri kweli. Alielewa kwa nini mtu angempigia simu Waziri.

Profesa alimsukuma kwa bega, hakungoja zamu. "Zimerudi," alisema. Akanyanyuka, uso unang'aa, kidole kimemwelekea Bi Sindano. "Amezirudisha. Kaona polisi, kaogopa, kazirudisha. Afande, hilo si ungamo?"

"Koplo, tangu asubuhi nani amegusa kabati hili?"

"Hakuna, Afande. Hakuna kilichoingia humu. Hata joto halikuingia."

"Hesabu, dada."

Bi Sindano alihesabu kwa sauti, kisima kwa kisima. Alipofika mwisho wa mstari wa saba alikuwa na hamsini na tatu.

"Mwizi wa ajabu huyu, Profesa," alisema Inspekta. "Kaiba arobaini na moja, karudisha hamsini na tatu. Sijawahi kumkamata wa namna hiyo. Sasa tutazame mstari wa nane."

"Kule hakuna kitu. Ni mafuta na maji."

"Ndiyo. Nataka kumsikia shahidi."

Kiyoyozi kiliendelea kunguruma. Bi Sindano aliisogeza sahani kwa ncha ya kidole, akampisha. Profesa akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, mrefu kiasi kwamba Koplo alidhani amesinzia, na kwa mtu yule haikuwa dhana mbaya. Mwishowe alisema kitu kwa sauti ambayo hakuna kipaza sauti kingeipokea.

"Ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Kumi na mbili."

Akatafuta kiti chake chenye mto, akaketi. Inspekta alimwachia apumue, kisha akamweleza, bila kupandisha sauti, jinsi alivyoona. Kila mchana mtu anaingia chumba cha nyuzi ishirini na mbili, anabonyeza mara sita kushuka mpaka kumi na sita, anafumba macho. Mafuta yanaganda, yanafanya vijiti vizuri. Mtu huyo akisafiri siku tano, hakuna wa kubonyeza. Mafuta yanarudi hali yake, vijiti vinapotea. Na leo asubuhi amerudi, amebonyeza mara sita mbele ya polisi wawili.

"Mimi silali humu," alisema Profesa. "Natafakari."

"Mlinzi ameshatoa maelezo kuhusu sauti, Profesa."

Hapo ndipo Inspekta alipomgeukia Bi Sindano, na safari hii swali lake halikuwa la kipolisi. "Dada yangu, Jumapili ulijua."

"Nilijua." Alivuta daftari la maabara kutoka kwenye droo, akafungua kurasa tatu alizokuwa amezikunja pembe. Kwenye kila ukurasa, kwa mwandiko ule ule wa ukutani: *Naomba tutazame mstari wa nane kabla ya kutangaza.* Na kwenye kila ukurasa, pembeni, wino wa kijani wa Profesa: *Usipoteze muda.* Chini yake, saini.

"Na bado ukanyamaza, huku unakwenda ndani?"

"Mwizi hupewa dhamana, Afande." Akajifuta jicho kwa mkono wa koti. "Aliyemuumbua Profesa baada ya televisheni hapewi kazi popote. Nina miaka hamsini na moja. Kitu ninachokijua duniani ni kusukuma mafuta kwenye sindano. Ningekwenda kuomba kazi wapi?"

Inspekta alisikia hasira ikimpanda mpaka kooni. Alitamani kumvisha Profesa pingu kwa kosa ambalo sheria bado haijalitunga. Badala yake alitazama saa ya ukutani. "Profesa, sasa ni saa saba kasoro. Ile barua inatiwa saini saa kumi. Kaichukue mwenyewe."

Profesa alikwenda. Alirudi akiwa ameishika kwa mikono miwili, akaanza kuichana pembeni.

"Usiichane," alisema Bi Sindano. "Igeuze. Andika nyuma."

"Niandike nini?"

"Kwamba hakuna kilichoibwa. Kwamba vile vilikuwa mafuta. Na kwamba kuanzia leo mstari wa nane unatazamwa kwanza, hata kama Waziri yuko mlangoni. Utie saini. Nakala moja iende Wizarani, moja kwa Mkurugenzi, moja nitaibandika hapo ukutani."

Profesa akatoa kalamu yake ya kijani. Aliandika sentensi ya kwanza haraka. Ya pili ilimchukua muda, na alipokwama kwenye neno "mafuta" alimtazama Inspekta kama anayeomba lipatikane jingine la heshima zaidi. Halikupatikana. Alipomaliza, Bi Sindano alisoma yote, akakunja karatasi, akachukua rimoti mkononi mwa Koplo, akabonyeza mara sita kwenda juu, akaitia mfukoni mwa koti.

"Sasa mimi," Profesa alisema, akitazama kiti, "saa saba nitatafakari wapi?"

Koplo akauchukua ule mto, akauandika kwenye orodha ya vielelezo, akaukumbatia kifuani ambako ulimfaa sana.

Nje ya mlango Bi Sindano alimsindikiza Inspekta mpaka kwenye ngazi. Mafuta ya nazi yalikuwa yameanza kulegea ndani ya kichupa mkononi mwa Inspekta.

"Afande, usiku huu chumba kitabaki ishirini na mbili. Kesho na keshokutwa mafuta yote yatayeyuka. Nitahesabu kisima kwa kisima."

"Vijiti vyote vitapotea?"

"Vya mafuta vitapotea." Akashusha sauti. "Leo nilipokuwa nahesabu, mstari wa tano, kuna kimoja hakifanani na wenzake. Kidogo, kifupi, kina pembe. Jumapili pia kilikuwepo, peke yake, wakati vingine vyote vimeyeyuka. Nilidhani ni vumbi. Nilikuwa nimeshachoka kutumaini."

"Na kesho kikiwepo tena?"

"Basi huo ni mlango."

Inspekta alimtazama yule mwanamke, ambaye asubuhi hiyo alikuwa karibu kupanda gari la polisi. "Utamwambia Profesa?"

Bi Sindano aliipapasa rimoti mfukoni.

"Nitamwambia," alisema. "Akishatazama mstari wa nane."